Acheni Kuweka Filta Kabla ya Pampu!

Leo naacha kompyuta kidogo nizungumze juu ya petroli. Msinikimbie, wadau. Hili nalo ni jambo la teknolojia, na linawatoa watu pesa bila sababu. Nitalisema bila kuzunguka: kama una gari la zamani lenye injeksheni, na makanika akuambie anahamisha filta ya petroli aiweke kati ya tangi na pampu "ili pampu isiharibike", mkatalie. Halindi pampu huyo. Anainyonga.

Najua kuna watakaokasirika. Ushauri huu unasikika gereji na unasikika kwenye video za mtandaoni, na wanaoutoa wamefungua injini nyingi kuliko programu zote nilizowahi kuandika. Nawaheshimu. Lakini idadi ya injini ulizofungua haibadilishi jinsi petroli inavyochemka. Hoja nitakazotoa hapa anaweza kuzipima mtu yeyote mwenye kipimo cha presha na jioni moja ya nafasi.

Tabia hii imetoka wapi?

Imetoka kwa kabureta. Mafundi wetu wengi walijifunzia kazi kwenye Datsun 1200, Corolla KE70 na Peugeot 504 za kabureta. Kwenye magari hayo pampu imefungwa kwenye injini yenyewe, na kazi yake ni kuvuta petroli kutoka nyuma hadi mbele. Presha inayotoka hapo ni ndogo sana, kama bar 0.2 hadi 0.4. Tena pampu inatoa kile tu ambacho injini imekunywa: bakuli la kabureta likijaa, sindano inafunga mlango na pampu inatulia.

Kwa hiyo ukikata mpira mahali popote ukachomeka ile filta ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, gari litatembea. Iwe kabla ya pampu, iwe baada, hutaona tofauti. Hapo ndipo mazoea yalipozaliwa. Baadaye magari yakabadilika, mazoea yakabaki.

Injeksheni si kabureta iliyovaa suti

Mwaka 1967 Volkswagen walileta 1600 yenye mfumo wa Bosch D-Jetronic, gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na injeksheni ya kielektroniki. Mwaka 1973 Bosch wakaleta K-Jetronic na L-Jetronic. Mifumo hii ndiyo iliyoingia kwenye Mercedes, Volvo, Porsche na BMW ambazo leo tunaziita magari ya kale. Ile herufi E unayoiona nyuma ya Mercedes 230E au 280E inatokana na neno la Kijerumani Einspritzung, yaani kunyunyiza. Ukiiona, jua kwamba umetoka katika nchi ya kabureta.

Tofauti ya kwanza ni presha. D-Jetronic inafanya kazi kwa karibu bar 2, sawa na presha ya gurudumu la gari dogo. L-Jetronic ni 2.5 hadi 3. K-Jetronic inafika karibu 5. Linganisha na ile 0.3 ya kabureta, utaona kwamba tunazungumzia karibu mara saba hadi mara kumi na saba.

Tofauti ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ni wingi wa petroli inayopita. Kwenye injeksheni pampu haisubiri injini iombe. Inasukuma wakati wote, injini inachukua inachotaka, na inayobaki inarudishwa tangini kwa paipu nyingine. Pampu ya aina hii husukuma takriban lita 100 kwa saa. Sasa piga hesabu: gari likitumia lita 10 katika saa hiyo, basi lita 90 zimezunguka na kurudi nyumbani. Ukiwa na tangi la lita 60, petroli yote imepita kwenye filta zaidi ya mara moja katika saa moja.

Kwa hiyo filta ya injeksheni inapitisha petroli mara kumi ya ile inayopita kwenye filta ya kabureta. Ndiyo maana filta halisi ya Bosch ni kopo la chuma, kubwa, zito. Hawakulifanya kubwa kwa kupenda ukubwa.

Pampu haijui kuvuta

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Watu husema pampu "inavuta" petroli. Ukweli ni kwamba hakuna kitu kinachovutwa. Pampu inapunguza presha mlangoni mwake tu, na hewa iliyo ndani ya tangi ndiyo inayosukuma petroli kuelekea pampu. Ni kama kunywa kwa mrija. Soda inapanda vizuri. Jaribu kunywa uji mzito kwa mrija huohuo, mashavu yatakuuma na utakachopata ni hewa.

Filta nyembamba ukiiweka kabla ya pampu unaifanyia pampu hivyohivyo. Kila filta inakula presha kidogo, na ikianza kuziba inakula zaidi. Upande wa kusukuma hilo si tatizo. Pampu ina uwezo wa bar 5 na zaidi, ikipoteza 0.2 kwenye filta haitajali. Upande wa kuvuta huna bar 5. Una presha ya hewa peke yake, na hiyo nayo huimiliki yote.

Kwa nini? Kwa sababu petroli huchemka. Chukua mfano wa petroli ambayo kwa joto la nyuzi 38 mvuke wake una presha ya bar 0.6. Maana yake ni kwamba presha inayoikandamiza ikishuka hadi 0.6, petroli hiyo inageuka mapovu, bila moto, bila chochote. Mombasa, pale usawa wa bahari, hewa inakupa karibu bar 1.01. Una nafasi ya 0.41 kabla ya kuchemka.

Lakini Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yake ni kama bar 0.83. Nafasi imeshuka hadi 0.23. Nenda Eldoret, mita 2,100, hewa ni karibu 0.79, na nafasi ni 0.19 tu. Sasa weka hapo filta iliyoziba nusu inayokula 0.2. Imekwisha! Pampu inapokea mapovu badala ya petroli. Na kumbuka ile petroli inayozunguka inarudi tangini ikiwa imepata joto la injini. Ukikaa kwenye foleni ya magari saa nzima mchana, nyuzi 38 unazipita, na hata hiyo nafasi ndogo inazidi kupungua.

Kwa hiyo anayenionyesha video ya fundi wa Ulaya aliyeweka filta kabla ya pampu na gari likaenda vizuri, namuuliza swali moja: huyo anaishi mita ngapi juu ya bahari?

Mapovu yanafanya nini ndani ya pampu? Pampu za Bosch za miaka hiyo zina roli ndogo za chuma zinazozunguka zikigusa ukuta wa chuma, na petroli inapita katikati ya mota yenyewe. (Hailipuki kwa sababu mle ndani hakuna hewa ya kuchoma.) Petroli hiyo ndiyo inayopoza mota na ndiyo inayolainisha roli. Ukiweka mapovu mahali pake, chuma kinasaga chuma. Ile sauti unayoisikia nyuma ya gari, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, ni pampu inalia njaa.

Dalili ambazo kila mtu anazisoma vibaya

Mzee mmoja ninayemfahamu ana 230E ya W123. Gari lilikuwa likitoka Naivasha kupanda kuelekea Limuru, likifika mlimani nguvu zinaisha. Analisimamisha kando ya barabara nusu saa, linawaka tena kana kwamba halikuwa na shida. Gereji aliyoliacha wakambadilishia pampu. Baada ya miezi michache wakambadilishia nyingine. Kila mara pampu mpya ilianza kimya, na kila mara ikaishia kulia. Kati ya tangi na pampu kulikuwa na filta ndogo waliyoiongeza wao wenyewe, na hakuna aliyeishuku, maana wote waliamini kwamba ndiyo "inayolinda".

Ilipoondolewa, tangi likaoshwa, wavu wa tangini ukabadilishwa na filta ya kawaida ikarudi mahali pake, mlima ukapandika. Pampu mbili zilikufa zikilindwa.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Mtu anaona mstari wa msimbo asiouelewa, aliouandika mwingine miaka kumi iliyopita, anaufuta au anauhamisha kwa sababu "hauna maana hapo". Programu inafanya kazi Jumatatu, inafanya kazi Jumanne, inaanguka siku ya mishahara. Kanuni yetu ni rahisi: usihamishe kitu kabla hujaweza kueleza kwa nini aliyekiweka alikiweka pale. Asiyeweza kunieleza kwa nini Mercedes waliweka filta baada ya pampu hana ruhusa ya kuiweka kabla.

Hoja zao, moja moja

"Pampu ndiyo ghali, lazima ilindwe." Sawa, na imelindwa. Ndani ya tangi au kwenye mlango wake kuna wavu wenye matundu ya takriban mikroni 100, yaani mapana kidogo kuliko unywele wa mtu. Unazuia mchanga na vipande vya kutu, na petroli inapita bila shida. Filta nyembamba ya mikroni 10 hivi ipo kwa ajili ya injekta na kigawanya petroli, ambavyo njia zake ni nyembamba mno. Hizi ni kazi mbili za vyombo viwili. Wavu mpana kabla, filta nyembamba baada.

"Petroli ya huku ni chafu." Kuna uchafu wa aina mbili. Ukichanganyiwa mafuta taa, hakuna filta duniani itakayoyatoa, kwa sababu yameyeyuka ndani ya petroli. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya kuchanganya, haikutuambia tuongeze filta. Uchafu wa pili, kutu na matope, kwenye gari la miaka 40 mara nyingi hautoki kituoni. Unatoka kwenye tangi lako mwenyewe. Lishushe, lioshe, ondoa kutu. Kuongeza filta juu ya tangi bovu ni kuweka ndoo chini ya paa linalovuja na kusema nyumba imetengenezwa.

"Nimefanya hivyo miaka mitatu na gari linatembea." Linatembea mpaka filta ianze kuziba, au mpaka siku ya joto, au mpaka upande mlima. Kitu ambacho hakijaharibika bado si ushahidi kwamba kiko salama.

"Magari ya kisasa yana filta ndani ya tangi." Ni kweli, mengi yako hivyo. Lakini fungua uangalie mpangilio: wavu, pampu, filta, regulata. Vyote vimeshushwa ndani ya tangi, na pampu imezama ndani ya petroli ili isihitaji kuvuta hata kidogo. Mpangilio ni uleule wa zamani. Hoja hii inanisaidia mimi.

"Mbona Porsche wenyewe waliiweka kabla?" Hii ndiyo hoja nzito, na siikwepi. Porsche 914 zenye D-Jetronic na pampu ya matundu matatu zilikuwa na filta kabla ya pampu. Lakini historia haiishii hapo. Pampu hiyo ilifungwa kwenye sehemu ya injini karibu na joto la ekzosi, na magari hayo yakajulikana kwa kuzimika mvuke unapoziba njia ya petroli. Kwa magari ya mwaka 1975 kiwanda kikahamisha pampu mbele, karibu na tangi na mbali na joto, na kwenye pampu mpya ya matundu mawili filta ikakaa baada ya pampu. Yaani wenyewe walijaribu, wakaona, wakaacha. Sisi tunarudia mtihani ambao majibu yake yalishatolewa zaidi ya miaka 50 iliyopita!

Kuna kosa baya kuliko hilo

Pampu iliyokufa ni hasara ya pesa. Filta ya plastiki kwenye upande wa kusukuma ni hatari ya maisha.

Ile filta ya kuonyesha ndani ilitengenezwa kwa presha ya kabureta. Ukiibana kwa klipu kwenye mfumo wa bar 5, siku plastiki itakapochoka kwa joto haitadondosha matone. Itarusha petroli kama dawa ya mbu, na ukungu huo ukigusa ekzosi yenye moto au waya wenye cheche, una sekunde chache za kutoka nje. Gari lililorithiwa kutoka kwa baba linaweza kuwa majivu kabla hujafungua boneti. Sitaki kumsikia mtu akisema "nitabadilisha mwezi ujao". Kama unayo hiyo kwenye injeksheni yako, usiwashe gari kesho.

Na mipira ni hivyohivyo. Soma maandishi yaliyo juu ya mpira wenyewe. J30R7 ni ya takriban bar 3.4. J30R9 inafika kama bar 7. Mpira usio na maandishi yoyote, hata ukiwa mpya na unang'aa, uache dukani.

Basi iwekwe wapi?

Jibu fupi: pale kiwanda kilipoiweka. Kwenye Mercedes W123 za injeksheni, pampu, akumuleta na filta vimekaa pamoja chini ya gari, nyuma upande wa kulia, vikiwa vimefunikwa. Porsche 911 za K-Jetronic zina filta kwenye sehemu ya injini. Corolla za EFI kama AE92 na AE101 zinayo mbele, chini ya boneti. Zote zimetofautiana mahali, lakini angalia zinachofanana: filta nyembamba iko baada ya pampu na kabla ya injekta.

Nyuma au mbele? Kila upande una faida. Ikiwa nyuma, iko mbali na joto na moto, ila mawe na matope ya barabara zetu yanaifikia, na paipu ndefu ya chuma baada yake ikiota kutu, kutu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye injekta. Ikiwa mbele, inakamata hata kutu ya paipu, ila iko karibu na joto. Hapo watu wazima wanaweza kubishana. Juu ya kabla au baada ya pampu, hakuna ubishi uliobaki.

Kwa anayetaka kurekebisha lake, au anayegeuza gari la kabureta kuwa la injeksheni, fuata haya:

1. Pampu ya nje ikae karibu na tangi na chini kuliko petroli, ili petroli iteremke yenyewe.

2. Kati ya tangi na pampu weka wavu mpana wa mikroni 100 peke yake, na mpira mpana, mfupi, usio na kona kali.

3. Filta ya chuma ya injeksheni iwe baada ya pampu. Mshale uliochorwa juu yake uelekee injini.

4. Kwenye K-Jetronic tumia paipu na viungo vya kukazwa kwa spana. Usikate ukaweka mpira na klipu.

5. Paipu yenye kutu ibadilishwe. Usitegemee filta ifunike aibu yake.

6. Kifuniko cha chini kirudishwe. Hakikuwekwa kwa urembo.

7. Kabla ya kufungua kiungo chochote, kumbuka kwamba K-Jetronic inahifadhi presha hata injini ikiwa imezimwa. Ondoa waya wa betri, subiri ipoe, funika kiungo kwa kitambaa, fungua polepole. Sigara iwe mbali.

Magari haya hayaongezeki. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo W123 na wenzake waliobaki barabarani ndio hao hao, na kila moja linaloungua au kutelekezwa nyuma ya gereji kwa sababu "pampu zake hazidumu" limetoka moja kwa moja. Pampu zake zinadumu. Tunaziua sisi.

Wikendi hii lala chini ya gari lako uangalie. Fuata paipu kwa kidole kutoka tangini. Ukikutana na filta nyembamba kabla ya kukutana na pampu, unajua la kufanya. Na makanika wako akibisha, msigombane. Mwambie aweke kipimo cha presha kati ya filta hiyo na pampu, gari likiwa na joto, kisha msome sindano pamoja.